Siku tano Oregon na Washington: kufuata nyayo za watu weusi wa kwanza huku magharibi

Habari zenu wapendwa. Niliahidi nikirudi nitaandika, na sasa ni wiki tatu tumesharudi, kazi za usiku zikanibana, ila leo nimekaa na kijidaftari changu na picha za kwenye simu na ninaandika kama ilivyokuwa, siku kwa siku. Kwa wasionijua, naishi Kent, jimbo la Washington, lile la kona ya juu kabisa upande wa magharibi wa Marekani, sio Washington ya Ikulu. Nina miaka tisa huku, nahudumia wazee.

Safari hii ilianza na bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hukuhuku. Siku moja namlisha uji nikamuuliza kwao ni wapi, nikitegemea aseme Alabama au Texas kama wengine, akaniambia kwao ni Roslyn, mji mdogo wa hukuhuku Washington, wazee wake waliletwa kuchimba makaa ya mawe mwaka 1888. Nilishtuka. Miaka yote nilidhani watu weusi huku walikuja juzijuzi tu, wakati wa vita kuu ya pili, viwanda vya ndege vilipotafuta wafanyakazi. Bibi akasema wala Roslyn sio mwanzo, kasome habari za mlowezi mweusi anaitwa Bush, kasome habari za mji wa Centralia, halafu uende ukaone kwa macho yako. Alifariki mwezi wa nne. Nikaanza kusoma, nikaweka akiba, nikaomba likizo.

Siku ya 1, Alhamisi 18 Septemba: Kent hadi Oregon City

Tumeondoka saa 11 alfajiri, mimi na mdogo wangu wa kiume ndo dereva, na Corolla lake. Usiku nilikuwa nimekaanga maandazi, nikachemsha mayai, chai ya tangawizi kwenye themosi, maana chakula cha njiani huku mkiwa wawili dola 30 inakatika na bado hamjashiba. Mkienda kusini kwa barabara kuu ya I-5 jitahidini mpite Tacoma kabla ya saa 12 asubuhi, baada ya hapo foleni ya pale kambi ya jeshi inaweza kuwala saa nzima. Sisi ilitula dakika 40.

Mtu atauliza kwa nini tulianza kusini wakati Tumwater na Centralia ziko njiani kabisa, tumezipita hivihivi. Ni kwa sababu habari yenyewe inaanzia kusini. Nilitaka tufike kule Oregon ilikotungwa sheria ya kuwafukuza watu weusi, halafu turudi kaskazini polepole, kama walivyokuja hao watu weusi wa kwanza.

Ukivuka daraja la mto Columbia tu uko Oregon. Tukaingia sheli, kijana akaja dirishani akauliza tujaze kiasi gani, akajaza mwenyewe, sisi tumekaa tu kwenye gari. Mdogo wangu akasema leo tuko Morogoro. Zamani Oregon ilikuwa marufuku kujijazia mafuta, tangu 2023 wameruhusu lakini wahudumu bado wapo. Na huko hakuna kodi ya mauzo, bei iliyoandikwa kwenye kibandiko ndo hiyohiyo unalipa, kwa hiyo kama una kitu cha kununua, viatu au simu, nunua upande huo.

Oregon City iko kusini ya Portland, kwenye maporomoko ya mto Willamette. Ndo mwisho wa ile njia ndefu waliyopita walowezi na magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Missouri, na pale kwenye makumbusho yao wamejenga mfano wa magari hayo makubwa kama majumba. Mji uko ngazi mbili, wa chini mtoni na wa juu kwenye jabali, na kuna lifti ya mji, ya bure, inapandisha watu. Ya kwanza ilijengwa 1915, ya sasa ni ya 1955. Pandeni, juu mnaona maporomoko yote.

Sasa nikiwa pale juu kwenye upepo ndo nikamsomea mdogo wangu niliyoandika kwenye daftari. Juni 1844, kabla Oregon haijawa hata jimbo, serikali ya muda ya walowezi ilipitisha sheria: utumwa marufuku. Unasoma hapo unafurahi. Unaendelea: waliokuwa watumwa wakishakuwa huru waondoke, wanaume wamepewa miaka miwili, wanawake mitatu, na asiyeondoka achapwe viboko visivyopungua 20 visivyozidi 39, na kama bado yupo arudiwe tena kila baada ya miezi sita. Mtu aliyeipigania sheria hiyo, Peter Burnett, miaka michache baadaye akawa gavana wa kwanza wa California. Viboko viliondolewa mwaka huohuo, na 1845 sheria yote ikafutwa kabla haijamfikia mtu, lakini ujumbe ulishafika. 1849 wakatunga nyingine ya kuzuia watu weusi kuingia na kuishi.

Na hiyo ya pili ilimkamata mtu, palepale Oregon City. Jacob Vanderpool, mtu mweusi, alikuwa na biashara yake ya kulaza na kuhudumia wageni. 1851 mfanyabiashara mwenzake akamshtaki, kosa ni kwamba yeye ni mweusi na yuko Oregon, hakuna kosa lingine. Hakimu akampa siku 30 aondoke. Tulitembea barabara ya chini kule mtoni, majengo ya sasa ni mapya, nikawa najiuliza nyumba yake ilikuwa wapi, alipika nini asubuhi ile alipofunga mlango. Mtu una wateja, una vyombo, una madeni ya watu, unaambiwa siku 30.

Halafu 1857 wakapiga kura ya katiba. Utumwa ulikataliwa kwa kura 7,727 dhidi ya 2,645. Watu weusi wasiruhusiwe kuingia: kura 8,640 ndiyo, 1,081 hapana. Yaani wengi walikataa utumwa na wakakataa na mtu mwenyewe. Kifungu hicho kilikaa kwenye katiba mpaka 1926. Sisi bibi yetu mzaa mama alizaliwa 1924, kwa hiyo kwangu mimi hii sio historia ya mbali.

Usiku tulilala Portland mashariki kwa mama mmoja wa Bukavu, rafiki wa rafiki, hatujawahi kuonana naye hata siku moja. Alitupokea na "karibuni, mulifika muzuri?" na sombe, bugali na samaki. Nilipomweleza tunafuata nini alikaa kimya kidogo akasema yeye ana miaka 11 Oregon na watoto wake wamesoma hapo, hakuna aliyemwambia. Akamwita binti yake aje asikilize. Tukalala saa saba usiku.

Siku ya 2, Ijumaa: Portland, Astoria, na pancha

Barabara ya 30 kwenda Astoria ni kama masaa mawili, misitu na mto pembeni, hakuna la kusimulia. Astoria tulikula samaki na chipsi, dola 38 watu wawili na tipu humohumo, samaki mzuri kweli. Daraja la kuvukia mto pale lina maili nne na ushee, la bure, ila siku ya upepo dereva ashike usukani vizuri.

Ng'ambo tu, upande wa Washington, kuna kituo kidogo pembeni ya barabara ya 101, wanapaita Station Camp, pana kanisa dogo jeupe na mabango, na ndo penyewe palikuwa kijiji cha Wachinook, wenyeji wa asili wa hapo. Ukiendesha haraka unapitiliza, sisi tulipitiliza tukarudi. Hapo ndo nilitaka kusimama kwa ajili ya York.

York alikuwa mtumwa wa William Clark, na alitembea safari yote ya Lewis na Clark, ile ya kwenda kuchunguza magharibi, mpaka bahari ya Pasifiki, akiwinda, akibeba, akiuguza wenzake. Tarehe 24 Novemba 1805, mvua haikatiki, nguo zimewaozea mwilini, viongozi wakauliza mmoja mmoja: tukae wapi msimu wa baridi. York akaulizwa, na jibu lake likaandikwa kwenye daftari pamoja na ya wengine. Na mama Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone aliyekuwa na mtoto mgongoni, naye akasikilizwa. Wakavuka wakajenga kambi upande wa Astoria.

Waliporudi, wenzake walilipwa mshahara mara mbili na wakapewa haki ya ardhi. York hakupata hata shilingi, hakupata hata futi moja ya ardhi. Aliomba aende kuishi karibu na mke wake Louisville, Clark akakasirika, barua zake mwenyewe zinaeleza alivyompiga. Yule aliyeulizwa "wewe unaonaje" pale mtoni! Nilikaa kwenye benchi mpaka mdogo wangu akaniita mara mbili.

Kutoka hapo tulipanda na 101 mpaka Raymond tukashika barabara ya 6 kuelekea Chehalis. Hapo mtandao wa simu unapotea kabisa, pakueni ramani mapema. Na hapohapo ndo tairi la nyuma likaisha upepo, saa 11 jioni, msitu pande zote. Spea tunayo, jeki tunayo, ila bolti moja imeganda haifunguki. Tumehangaika nusu saa ikasimama pikapu, mzee mmoja wa kizungu na mkewe. Hakuuliza maswali mengi, akatoa spana ndefu, bolti ikalia ikafunguka, halafu badala ya kutuwekea spea akaziba pancha palepale na akajaza upepo kwa pampu ya gari lake, akisema spea ndogo sio ya kwendea mbali na giza linaingia. Nikatoa dola 40 akakataa. Mkewe akaingia kwenye pikapu akaleta mfuko wa plamu za kwao. Wakatufuata nyuma polepole mpaka tulipofika kwenye nyumba za watu ndo wakapiga honi wakakata kona. Sikuwauliza hata majina, na inaniuma mpaka leo.

Tumeingia Centralia saa tatu usiku. Moteli dola 94 na kodi, safi, ila godoro la mdogo wangu lilikuwa bovu.

Siku ya 3, Jumamosi: Centralia

Kama mna siku moja tu, njooni hapa. Hata gari hamhitaji, treni ya Seattle kwenda Portland inasimama Centralia, na kutoka stesheni mpaka katikati ya mji mnatembea kwa miguu.

Mji huu wa wazungu watupu, ukiuangalia leo utasema hivyo, ulianzishwa na mtu mweusi anaitwa George Washington. Jina ni hilohilo la rais wa kwanza, na alizaliwa Virginia vilevile, 1817, baba yake mtumwa, mama yake mzungu. Akiwa mdogo sana alipewa familia ya James na Anna Cochran, wazungu, wakamlea kama mtoto wao, wakahamia naye Missouri. Shule hakwenda, ila alijua kushona, kuchana mbao, kutengeneza ngozi, na bunduki hakuna aliyemshinda. Tatizo kila alikokwenda sheria inamwambia hana haki. 1850 wakafunga safari wote watatu kuja magharibi, wazee wale wakiwa na umri mkubwa, na yeye ndo anawatunza.

Akapata sehemu nzuri pale mito ya Skookumchuck na Chehalis inapokutana. Akalima, akajenga. Ila sheria ya ardhi ya Oregon ya 1850, na wakati huo huku kote bado ni Oregon, iliwapa ardhi wazungu na machotara wa wazungu na wenyeji wa asili wa Marekani tu. Mweusi hapana. Anaweza kufyeka, anaweza kujenga, hati hawezi kupata. Sasa sikilizeni walichofanya wale wazee: wakaandikisha ekari 640 kwa jina lao wao. Baadaye Washington ilipotengwa na Oregon mwaka 1853, na wao wamekamilisha masharti, wakamuuzia George. Hati ikawa yake.

Nimesoma habari hii kwenye kibao pale parkini nikaishiwa nguvu, na lazima niwaambie kwa nini. Marehemu baba yangu alifyeka shamba Muheza, michungwa na minazi, na kwa sababu alikuwa mgeni pale kijijini jina likaandikwa la ndugu mmoja wa ukoo aliyekuwa mwenyeji, wakakubaliana kwa mdomo. Baba alipofariki ndugu yule akatoa karatasi. Sisi watoto tulitoka pale na masufuria. Kwa hiyo mimi najua karatasi ya shamba ikiwa na jina la mwingine maana yake nini, najua wale Cochran wangeweza kufanya nini, na hakuna mahakama ingewauliza, maana sheria ilikuwa upande wao kabisa. Hawakufanya.

Tulijinunulia kahawa asubuhi ile, tukakaa mbele ya sanamu. Ni ya shaba, George na mkewe Mary Jane, imewekwa 2018, miaka 200 na kidogo tangu azaliwe. Parki yenyewe aliitoa yeye iwe ya wote, ina jina lake. Mary Jane alikuwa mjane mwenye mtoto wa kiume, walioana 1869, na reli ya Northern Pacific ilipopita kwenye shamba lao mwaka 1872 wao wakaona mbali: hapa ni katikati ya mto Columbia na ghuba ya bahari ya Puget Sound, watu watahitaji mji. Januari 1875 wakapima viwanja wakasajili mji wa Centerville. Jina likabadilishwa kuwa Centralia 1883 kwa sababu kulikuwa na Centerville nyingine barua zikawa zinapotea. Waliuza viwanja rahisi kwa mtu anayekuja kujenga kweli, wakatoa ardhi ya kanisa na ya makaburi.

Sasa 1893 uchumi wa Marekani ukaanguka, mabenki yakafunga, Centralia watu wakaanza kuhama. George alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alikuwa anaagiza mchele, unga, sukari na mafuta ya kupikia kutoka Portland anagawia watu, akawakopesha wengine bila riba, na nyumba zilizotaka kupigwa mnada akaziokoa. Mji ukabaki. Alifariki Agosti 1905 baada ya kurushwa na gari lake la farasi, na meya akatangaza siku ya maombolezo.

Makaburini tulikosa njia, tukamuuliza mama mmoja aliyekuwa anamwagilia maua kaburi la mumewe. Akaacha ndoo yake, akatupeleka mpaka kwenyewe, akasema yeye amekua hapo na alikuwa mtu mzima ndo akajua mwanzilishi wa mji wake alikuwa mweusi. Nimeweka maua ya dola 6 niliyonunua dukani.

Jioni nilimpigia mama Muheza, kule alfajiri. Nikamsimulia yote. Akaniuliza, "Hao wazungu walimrudishia shamba?" Nikasema walimrudishia mama. Akanyamaza, nikasikia majogoo nyuma yake. "Basi mwanangu iandike hiyo, watu wasome." Ndo nimeandika.

Siku ya 4, Jumapili: Tumwater na Olympia

Dakika 25 tu kutoka Centralia. Kwanza parki ya maporomoko ya Tumwater, na kama mnaweza kuchagua msimu njooni Septemba, samoni wanapanda kutoka baharini, wakubwa kama mkono wa mtu mzima, wanarukia ngazi za maji walizojengewa. Watoto wamejaa wanawashangilia. Kuingia hatukulipa.

Hapa ndo walifika watu wa George Washington Bush mwaka 1845. Huyu ni mwingine, msichanganye, ndo yule ambaye bibi wa Roslyn aliniambia nikasome habari zake. Alikuwa na mali Missouri, mke wake Isabella alikuwa mzungu, wana watoto watano wa kiume, na 1844 wakaondoka pamoja na rafiki yao Michael Simmons na familia nyingine. Bush ndo alikuwa na uwezo, inasemekana alificha fedha za sarafu chini ya sakafu ya gari lake, na aliwasaidia wenzake gharama za safari. John Minto, kijana aliyekuwa kwenye msafara huo, aliandika baadaye kwamba Bush alimwambia njiani ana wasiwasi, asipopewa haki za mtu huru Oregon atakwenda kuomba hifadhi kwa serikali ya Mexico.

Wamefika wakakuta sheria ya viboko imeshapita. Sasa wale wenzake wazungu wangeweza kumwambia pole sana ndugu, sisi tunabaki hapa, bonde la Willamette ardhi ni tamu. Wakakataa. Wakageuka pamoja naye kaskazini ya mto Columbia, ambako wenye nguvu walikuwa Waingereza wa kampuni ya Hudson's Bay na serikali ile ya walowezi mkono wake haukufika. Kama watu 30, wakaanzisha makazi ya kwanza ya kudumu ya Wamarekani kwenye Puget Sound, pale kwenye maporomoko, wakajenga kinu cha kusaga na baadaye cha kupasua mbao. Ukitaka kujua kwa nini kuna jimbo linaitwa Washington, sababu mojawapo ni watu waliokataa kumwacha mwenzao. Na mtoto wa sita alipozaliwa huku wakamwita Lewis Nisqually, kwa jina la wenyeji wa hapo, waliokuwa majirani zao, na Bush alijifunza lugha yao.

1852 mavuno yakawa mabaya huku, wageni wanaingia kila siku, walanguzi wakamfuata Bush kununua ngano yake yote kwa bei ya kuruka. Alikataa. Akawagawia waliokuja na njaa, wakalipe watakapovuna. Majirani wale ndo walioandika maombi, na bunge la kwanza la Washington 1854 likaomba serikali kuu imwachie shamba lake, kwa sababu kisheria hakuwa nalo. 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalum ya mtu mmoja: ekari 640 za Bush na Isabella. Ardhi akapata, kura hakupata mpaka anafariki 1863.

Mtoto wake mkubwa, William Owen Bush, alipeleka ngano ya shamba hilohilo kwenye maonyesho ya Philadelphia 1876 akapata tuzo, na Washington ilipokuwa jimbo kamili 1889 akachaguliwa kwenye bunge la kwanza la jimbo, akashiriki kuleta mswada wa chuo ambacho leo ni Washington State University. Mpwa wangu anasoma hapo, nikamtumia ujumbe palepale.

Mchana tulikwenda viwanja vya bunge Olympia, maegesho ya wikiendi hatukulipa. Kuna mnara wa Bush umewekwa 2021, na karibu yake mti wa jamii ya jozi uliotokana na mti wa shambani kwake, ambao mbegu yake waliibeba kutoka Missouri. Mnara ni mdogo kuliko mingine pale, ulizeni msije mkazunguka kama sisi. Nilishika majani ya ule mti. Walibeba mbegu miezi mingi, hawajui hata kama wataruhusiwa kuipanda.

Tukala wali wetu na maharage kwenye majani pale, saa moja jioni tuko Kent.

Siku ya 5, Jumatatu: Roslyn

Hii ni ya bibi. Kent mpaka Roslyn ni saa moja na nusu kwa barabara ya 18 halafu I-90, mnapanda mlima wa Snoqualmie. Kuanzia Novemba msiende bila kuangalia hali ya theluji na kubeba minyororo ya matairi.

Mji mdogo, mtaa mmoja, milima pande zote. 1888 wachimbaji makaa waligoma wakitaka mshahara na masaa nafuu, na kampuni ya makaa ya reli ikamtuma mtu mweusi, James Shepperson, kwenda Illinois na kusini kutafuta wachimbaji weusi. Wengi wao hawakuambiwa wanaletwa kuvunja mgomo, walijua walipofika na kuona walinzi wenye bunduki. Walikuja mia kadhaa na familia zao, kundi kubwa kuliko lolote la watu weusi lililokuwa limewahi kuingia Washington. Chuki ilikuwa kali mwanzoni. Halafu wakabaki, wakalipwa sawa, wakajenga makanisa, na tarehe 10 Mei 1892 mgodi ulipolipuka ukaua watu 45, weusi na weupe walitolewa kwenye shimo lilelile. Mwaka 1975 mji huu ulimchagua William Craven, wa ukoo wa wachimbaji hao, na akawa meya wa kwanza mweusi katika jimbo zima.

Makaburi yako juu ya mji, zaidi ya 20 yaliyopangwa kwa mataifa na vyama, Waitaliano kwao, Wakroatia kwao, na Wamarekani weusi ni Mount Olivet. Vaeni viatu vya kufunga, njia ni ya mizizi na sindano za misonobari. Mawe mengi yamefutika, mengine yamelala. Jina la ukoo wa bibi nilikuwa nalo kwenye daftari, tukagawana, mdogo wangu mstari wa juu mimi wa chini, tukasoma jiwe moja moja karibu masaa mawili.

Tulilipata. Jiwe dogo, limeinama, mwaka unasomeka nusu. Niliondoa majani kwa mikono, nikamwaga maji ya chupa nikalipangusa na khanga yangu, na nikamsimulia bibi kwa Kiswahili kwamba nimefika Oregon City, nimefika Centralia, nimefika kwa Bush, na sasa nipo kwake. Mdogo wangu alivua kofia.

Kushuka tukanywa supu kwenye mgahawa wa mtaani, dola 22. Jumla ya safari yote, mafuta, moteli ile moja, chakula na zawadi ya mama wa Bukavu, imetugharimu dola 371 watu wawili. Anayetaka ramani niliyochora na namba za kutokea barabarani aniambie, nitamtumia.